Udi Uliovuka Bahari Mbili

Mara ya kwanza nilipokaa kitako kuusikiliza wimbo wa Misirlou kama alivyoupiga Dick Dale mwaka 1962, nilikuwa naitazamia California: jua, mchanga, na vijana waliobeba mbao za kuchezea mawimbi. Gitaa lilipoanza kukimbia juu ya uzi mnene, masikio yangu yakaenda kwingine kabisa. Yalikwenda Malindi ya Unguja, kwenye chumba cha mazoezi ambako mpiga udi hunyoosha vidole kabla wenzake hawajafika. Sauti ile haikuwa ngeni kwangu. Ilikuwa hijazikari, maqamu, yaani ngazi ya sauti za muziki wa Kiarabu, ambayo mtoto wa Mji Mkongwe hukua nayo bila kuijua kwa jina, kwa sababu nduguye hijazi ni miongoni mwa zinazosikika sana katika adhana, na zote mbili ni mali ya taarabu tangu asili.

Tangu hapo swali moja halijanitoka. Ikiwa udi ndio uliozaa ile ngurumo ya gitaa la pwani ya Marekani, na udi huohuo ndio uliozaa taarabu ya Unguja, imekuwaje ndugu hawa wawili wasifanane hata kidogo walipokuwa watu wazima? Kule gitaa lilikuwa bwana wa jukwaa, likapiga peke yake bila mwimbaji, na kwa sauti ya kutikisa mbavu. Huku gitaa lilipiga hodi, likavua viatu mlangoni, likakaa nyuma ya fidla. Majibu mepesi hayakosekani. Wapo wanaosema kisiwani hapakuwa na fedha wala mitambo. Wengine husema Mapinduzi ya 1964 yaliufungia mlango muziki wa Kizungu. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na hakuna linalotosha.

Tuanze na huyo wa mbali. Dick Dale alizaliwa Boston mwaka 1937 kwa jina la Richard Monsour, baba yake akiwa na asili ya Lebanon. Ami yake alikuwa mpiga udi, na ndiye aliyemwonyesha pia ngoma ile ambayo Walebanon huiita tarabaki na sisi tunaiita dumbak. Familia ilipohamia California, kijana akachukua gitaa. Kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, alilipindua tu bila kubadili mpangilio wa nyuzi, kwa hiyo nyuzi nene zilikuwa chini na nyembamba juu, kinyume na wapigaji wengi. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba shabiki alimtaka apige wimbo mzima kwenye uzi mmoja, naye akamkumbuka ami yake na wimbo wa Misirlou.

Wimbo wenyewe una safari ndefu. Jina lake ni la Kituruki lililoingia Kigiriki, lenye maana ya mwanamke wa Misri. Wagiriki, Waturuki, Waarabu na Wayahudi wa mashariki ya Bahari ya Kati wote wanaujua, na rekodi ya mwanzo inayojulikana ni ya mwaka 1927, iliyofanywa Marekani na mhamiaji wa Kigiriki, Tetos Demetriades. Ulipigwa polepole, kama wimbo wa mapenzi. Dale aliuongezea mwendo kupita kiasi, na mwaka 1994 filamu ya Pulp Fiction ikaufikisha kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka.

Hapa inafaa nikae kidogo kwenye mkono, maana siri yote iko mkononi. Udi hauna pumzi ndefu. Ukiugusa uzi mara moja, sauti inatoka na kufa papo hapo. Mpigaji anayetaka kuishikilia noti huupiga uzi huo huo kwa risha, juu na chini, juu na chini, upesi hata mapigo yakashikana na sikio likasikia mkondo mmoja unaotetemeka. Kila aliyewahi kukaa karibu na mpiga udi wa Unguja katika taksimu, pale anapocheza peke yake kutafuta njia ya maqamu, ameuona mkono huo. Kifundo kinalegea, risha inaonekana kama bawa la nzi. Dale alilichukua fundisho hilo la udi, akaliweka kwenye nyuzi nene za chuma, na akaliongezea umeme.

Umeme ulikuwa na mkono wake. Leo Fender, fundi wa magitaa wa California, alikuwa akimpa Dale amplifaya zake azijaribu, na Dale akiziunguza moja baada ya nyingine, mpaka Fender akaunda kubwa zaidi kwa ajili ya kumbi zenye vijana kwa maelfu, kama Rendezvous Ballroom kule Balboa. Mwaka 1961 Fender ilitoa pia kisanduku cha mwangwi: sauti inapitishwa katika springi za chuma na kutoka imelowa, kana kwamba imepigwa ndani ya pango lililojaa maji. Mwangwi huo ukawa alama ya roki ya mawimbi, mtindo huo wa gitaa wa California. Bendi ya The Chantays iliutumia katika Pipeline, The Surfaris wakaja na ngoma zao za Wipe Out mwaka 1963, na The Beach Boys, vijana wa mji wa Hawthorne waliojulikana zaidi kwa kupanga sauti za kuimba, wakaiingiza Misirlou katika albamu yao ya Surfin' U.S.A. ya mwaka huohuo. Maqamu ya Kiarabu ikawa chakula cha kila siku cha vijana wasiojua kwamba ni ya Kiarabu.

Wakati huo Unguja ilikuwa na takriban miaka themanini katika shule hiyohiyo. Simulizi inayorudiwa na wazee wa taarabu inaanza kwa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888 na kujenga Beit al-Ajaib. Alileta wapigaji kutoka Misri, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim huko akajifunze ganuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama chao, Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Vyombo vyao ni vile ambavyo ami yake Dale angevitambua bila kuulizia: udi, ganuni, nai, fidla, dumbak na rika. Mashairi nayo yalikuwa ya Kiarabu.

Wimbo wa Kiarabu ukiimbwa mbele ya msikilizaji Mswahili asiyejua Kiarabu, anachosikia ni sauti tupu. Anafuata kupanda na kushuka kwa maqamu, uzito wa ngoma, na utamu wa koo la mwimbaji. Neno kwake ni chombo kama chombo kingine. Nadhani katika kipindi kile cha kasri taarabu ilikuwa karibu zaidi na roki ya mawimbi kuliko wakati wowote uliofuata, kwa maana hii moja: muziki wenyewe ndio uliobeba mzigo.

Mwimbaji Siti binti Saad aliubadilisha mzigo huo. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akaja mjini kuuza vyungu, na mwaka 1928 akasafirishwa Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na aliona sawa kumpa heshima hiyo. Kuanzia kwa Siti, mtu wa mtaa wa Ng'ambo alielewa kinachoimbwa. Alijua nani kasemwa, hakimu gani kapotoka, mpenzi gani kakosewa. Neno likapanda kitini na halijashuka mpaka leo. Mwanamke anapoinuka na kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi na mwendo wa madaha, anatunza ubeti uliomgusa, na wakati mwingine ubeti anaotaka mwenziwe aliyekaa mbele yake ausikie. Mpiga udi anaweza kufanya ajabu zote duniani katika taksimu yake, atapata "Allah!" kutoka kwa wajuzi wawili watatu, na noti zitamsubiri mwimbaji.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza na lenye uzito kuliko mengine. Gitaa la Dale lilipata nafasi kwa sababu halikuwa na mshindani. Vijana wa Balboa walikwenda kucheza, wala hawakwenda kusikiliza mafumbo. Gitaa la Unguja lilikuta nyumba ina mwenyewe.

Gitaa la umeme lilifika taarabuni likiwa na pasipoti ya Cairo. Wapo wanaodhani lilitoka Ulaya moja kwa moja, na nadhani wanakosea. Watu wa Unguja wa miaka ya hamsini walikuwa wakisikiliza redio ya Cairo, iliyoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, na walikuwa wakijazana sinema kutazama filamu za Misri na za Bombay. Vikundi vya mjini vikakua kufuata mfano wa okestra za Misri: fidla safu nzima, sello, besi kubwa ya kusimama, kodiani. Mwezi Februari 1964 mwimbaji wa Misri Umm Kulthum aliimba kwa mara ya kwanza Inta Omri, wimbo uliotungwa na Mohammed Abdel Wahab, na humo Abdel Wahab alikuwa ameweka gitaa la umeme. Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Omar Khorshid, kijana aliyeanzia katika bendi ya roki mjini Cairo, akaja kupiga gitaa nyuma ya Abdel Halim Hafez na Umm Kulthum mwenyewe. Ukimsikiliza leo, uzi wake unatetemeka na kulowa mwangwi hata ukadhani amelelewa ufukweni California. Mduara ulikuwa umefunga. Udi ulikuwa umekwenda Boston, ukageuka gitaa, na gitaa likarudi kukaa karibu na udi.

Mwezi huohuo wa Februari 1964 The Beatles waliteremka New York, na roki ya mawimbi ikaanza kuzama, maana vijana wa Marekani waligeukia upepo mpya. Unguja nayo ilikuwa na majuma manne tu tangu Mapinduzi ya tarehe 12 Januari. Sitaki kuyafungamanisha mambo haya kwa nguvu, kwani watu waliokufa na kukimbia kisiwani hawalinganishwi na mabadiliko ya mitindo ya santuri. Lakini kwa historia ya muziki, tarehe zile zina maana. Dirisha ambalo kijana wa Mji Mkongwe angeweza kulipitia ili kuiga bendi ya gitaa ya watu wanne lilikuwa jembamba, kati ya 1961 na mwisho wa 1963, na lilifungwa kote kuwili kwa wakati mmoja.

Mapinduzi yalifanya nini basi? Vilabu vya taarabu vilivyokuwa vimefungamana na mitaa, makabila na vyama vilivunjwa au kuunganishwa chini ya chama cha Afro-Shirazi. Wapigaji na wapenzi wengi wenye asili ya Oman na India waliondoka. Ikhwani Safaa ilijulikana kwa jina la Malindi kwa muda mrefu. Kikundi kilichoanzishwa mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoa, upande wa vijana wa Afro-Shirazi, kilikua kuwa kikundi cha taifa, Mila na Utamaduni, ambacho wageni wanakijua kama Culture Musical Club na ambacho mazoezi yake ya Vuga yamewapokea wasikilizaji kwa miaka mingi. Muziki ukawa na mlezi mmoja, naye ni serikali. Okestra kubwa ilimfaa mlezi huyo. Watu arobaini waliovaa sare na kupiga kwa pamoja ni picha nzuri ya taifa. Vijana wanne wenye gitaa na kelele hawakuwa picha aliyoitaka. Hata Bara upepo ulikuwa wa namna hiyo: Operesheni Vijana ya TANU ilianza kazi Januari 1969 dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam.

Kwa hiyo siasa ilihusika. Lakini marufuku hayakuua gitaa Bara. Patrick Balisidya na Afro 70, na bendi ya Sunburst, wote wa tangu 1970, walipiga magitaa yenye makali ya kutosha. Ndiyo maana siwezi kuliachia jibu la siasa likae peke yake.

Nasikia tayari mtu akiuliza: na Freddie Mercury je? Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, na nyumba ya makumbusho yake iko Shangani tangu 2019. Mgeni anayeshuka botini kutafuta roki ya Zanzibar hupelekwa huko. Najivunia kwamba sauti ile ilipata pumzi yake ya kwanza hapa. Lakini roki yake aliijua India, katika shule ya bweni ya Panchgani, alikokuwa na bendi ya wanafunzi iitwayo The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963, akaondoka na wazazi wake mwaka uliofuata akiwa na miaka kumi na saba. Alikuwemo mjini katika dirisha lile lile jembamba nililolitaja. Kumtegemea yeye peke yake kama kiungo cha Unguja na roki ni kuupuuza udi, ambao ni kiungo cha zamani zaidi na kinachosikika.

Sasa sababu ya ufundi, ambayo wapenzi wa historia huisahau. Shingo ya udi ni laini kama kiganja. Kidole kinaweza kutua popote, hata katikati ya noti mbili, na ndipo zinapokaa robo toni za rasti, bayati na sika. Shingo ya gitaa imekatwa kwa vyuma, na kila chuma ni amri: hapa au pale, hakuna katikati. Hijazikari inaponea hapo. Katika ngazi yake kuna mruko wa toni moja na nusu kati ya sauti ya pili na ya tatu, na mwingine kama huo kati ya ya sita na ya saba, na mingine ni midogo. Hiyo miruko miwili ndiyo inayoipa ile ladha ya huzuni yenye kiburi. Yote inaingia katika vyuma vya gitaa bila kuomba robo. Dale hakuchagua wimbo kwa bahati tu. Alichagua, ajue asijue, maqamu inayokubali gitaa. Angetaka kupiga bayati kwenye Fender yake angekwama mapema.

Taarabu haikuweza kujibana hivyo. Okestra yenye robo toni haiwezi kumkabidhi usukani mpigaji asiyeweza kuzifikia. Gitaa likapewa kazi linayoiweza, kushika mwendo pamoja na besi, kujibu fidla kwa vipande vifupi, na kung'ara pale wimbo unapokuwa wa mdundo wa rumba au bolero. Katika rekodi za Ikhwani Safaa zilizotolewa Uingereza mwaka 1988 gitaa linasikika hivyo, lina adabu, linapendeza, na halikurupuki. Polepole, kwa upande mwingine, gitaa na kinanda cha umeme vilizivuta nyimbo kuelekea maqamu zisizo na robo. Hasara hiyo ilikuja kimya, na watu waliizoea kabla ya kuiona.

Ukivuka maji kwenda Tanga, mambo yanabadilika. Black Star Musical Club ya miaka ya sitini haikuwa na ganuni wala safu ya fidla. Ilikuwa na magitaa, besi na ngoma, pamoja na sauti ya Shakila Saidi, na gitaa la solo likakaa pale ambapo Unguja ingeweka udi. Kwa vyombo, hiyo ndiyo taarabu iliyokaribiana zaidi na bendi ya roki ya mawimbi: mpigaji mmoja mbele, mwingine wa kushika mwendo, besi, mdundo. Wanamuziki wa Tanga walifanya hivyo kwa uhaba na kwa werevu pamoja, na mtindo wao ukaenea Mombasa na baadaye Dar es Salaam. Unguja iliutazama kwa muda mrefu kama mdogo asiye na malezi. Mimi nauona kama jaribio la kishujaa ambalo kisiwa kilipaswa kulisikiliza mapema.

Nairobi ilikwenda mbali zaidi. Katika studio za Equator, Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao walilichukua twisti, dansi lililotoka Marekani wakati mmoja na roki ya mawimbi, wakalivisha gitaa la kikwetu na maneno ya Kiswahili. Mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza waliirekodi Helule Helule ya Kabaka na kuipandisha katika chati za kwao. Kiswahili, basi, hakikuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa cha Unguja peke yake, na kilikuwa ndani ya taarabu yenyewe, utajiri wake ukiwa ndio ukuta wake.

Kuna bahari pia, na huwezi kuuzungumzia muziki wa mawimbi ukaiacha. Wapigaji wa California waliigiza wimbi kwa nyuzi: kidole kinateleza toka juu hadi chini, ngoma zinaporomoka, mwangwi unamwaga povu. Wimbi kwao lilikuwa mchezo wa Jumamosi. Unguja wimbi lina tabia nyingine. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Kiwengwa, bahari inavunjika mbali kwenye miamba, na ndani ya miamba maji yanajaa na kupwa taratibu. Huko ndiko wanawake wanakolima mwani tangu 1989, na ndiko wanakochokoa pweza wakati wa bamvua. Mji wenyewe unatazama mkondo mtulivu wa magharibi. Wanaoteleza juu ya maji Paje leo wanavutwa na tiara, kwa kaskazi na kwa kusi, na wengi wao ni wageni.

Kwa Mswahili bahari imekuwa kazi na safari, kuondoka na kungojea. Ndiyo maana katika taarabu bahari imekaa ndani ya maneno. Chombo ni mpenzi, nahodha ni anayejua siri, tufani ni fitina ya majirani, nanga ni ndoa. Mshairi akitaja mkondo tu, ukumbi mzima unajua nani anapelekwa wapi. Sikio lililozoea bahari ya mafumbo namna hiyo halioni haja ya gitaa kuigiza povu. Hapo naona California na Unguja zilitofautiana katika jambo la ndani kuliko mitambo yote. Kila upande uliiweka bahari katika kile ulichokiamini zaidi, mmoja katika kelele ya chuma, mwingine katika ulimi.

Na bado taarabu inao muziki usio na ulimi. Unaitwa bashraf, umetoka kwa Waturuki wa Uthmani kupitia Misri, na kwa desturi ndio unaofungua onyesho: okestra nzima, bila mwimbaji, mzunguko baada ya mzunguko, kila chombo kikipewa mwanya wa kusema. Kama kuna mahali Unguja ingeweza kuzaa Dick Dale wake, ni ndani ya bashraf. Lakini tazama watu wanavyoitumia. Wakati wa bashraf ndipo wanawake wanaingia na kutafuta viti, watoto wanakemewa, salamu zinazunguka, na manukato yanatangulia wenyewe. Ni nadra mtu kuinuka kuitunza. Kisha kwenye taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho iliyovuma miaka ya tisini na vikundi vya East African Melody na TOT, bashraf ilitoweka kabisa, na gitaa la solo likarudi na makali mapya, likishindana na kinanda cha umeme kumfuata mwimbaji anayejibu mapigo ya mpinzani wake. Umeme sasa ulikuwepo wa kutosha. Amplifaya zilikuwa kubwa kuliko za Leo Fender. Neno bado ndilo lililokuwa likilipwa.

Jambo hili linaniuma, nami sioni sababu ya kulificha. Tunalo gitaa, tunao udi, tunayo hijazikari iliyokwenda kutikisa kumbi za Marekani kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kipande cha muziki kinachovipa vyombo uhuru tumekifanya kuwa kengele ya kuwaitia watu vitini. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanza mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani pale Mizingani, kimewafundisha vijana wa kike na wa kiume udi na ganuni kwa miaka mingi, mara kwa mara kikihangaikia fedha za kuendelea. Siti and the Band, waliotoka katika mazingira hayo, wanakutanisha udi na fidla na besi ya umeme na ngoma za kisasa, na katika baadhi ya nyimbo zao vyombo vinaachiwa viende vyenyewe kwa dakika nzima na zaidi. Nimewaona wasikilizaji wa tamasha la Sauti za Busara, ndani ya kuta za Ngome Kongwe, wakizishangilia dakika hizo kwa kelele ambazo sijazisikia kwa bashraf yoyote. Wengine walikuwa wageni, ni kweli. Wengine walikuwa watoto wa mtaa wa Michenzani.

Nilipita mazoezini jioni moja, mjini, mapema kabla ya wakati. Mpiga udi alikuwa peke yake, kijana, kanzu yake imetundikwa kwenye msumari. Alikuwa akipasha mkono moto kwenye uzi mmoja, risha juu na chini, na kidole kikipanda hijazikari toka chini hadi ule mruko wa pili. Akaongeza mwendo. Akaongeza tena, kichwa kimeinama, mguu ukipiga sakafu, na kwa muda wa kama robo dakika chumba kile kilijaa kitu ambacho ningeapa nimekisikia kwenye santuri ya mwaka 1962. Mlangoni wakaingia wa fidla, wakaweka visanduku vyao. Kisha mwimbaji akafika, akavua viatu, akafungua daftari lake la mashairi. Kijana alimwona, akapunguza mkono, akauliza wataanza na wimbo gani.